Niliungama Dhambi ya Jirani

Mimi nilijulikana kwa kuomba. Kusoma niliishia darasa la tatu, na hata hilo la tatu nusu yake niliimalizia nyuma ya mbuzi wa mama yangu. Lakini kuomba! Nikifumba macho maneno yanakuja yenyewe, kama maji ya mfereji siku ya zamu yako. Akina mama walikuwa wakiniambia, "Mama, wewe ukiomba hata ng'ombe anaacha kucheua." Na mimi nilipenda sana kuambiwa hivyo. Nalisema wazi maana sasa ni bibi, nina wajukuu wa kujivunia wa kutosha, sina haja tena ya kujivunia maombi.

Kikundi chetu kilikuwa cha akina mama wa Kilutheri wa mtaa mmoja huku Kirua Vunjo, watu kumi na wawili hivi, vihamba vyetu, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, vimepakana. Mwinjilisti ndiye aliyeniweka kuwa kiongozi. Alisema nina sauti. Tulikutana kila Alhamisi saa tisa mchana, kila mtu akishampa ng'ombe wake majani, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Tunaimba, kisha mwenzetu mmoja mwenye miwani anasoma, maana yeye aliwahi kufanya kazi zahanati na macho yake yamezoea maandishi. Halafu kila mtu anataja mzigo wake. Huyu mtoto anaumwa, yule paa linavuja, mwingine mama mkwe hamsemeshi. Mimi naikusanya yote na kuipeleka juu kwa kinywa kimoja, changu.

Nisikisingizie kikundi. Kilifanya kazi. Mwenzetu akijifungua, miezi mitatu hashiki jembe. Sisi ndio tunamkatia ng'ombe majani na kumpikia mtori, kwa zamu, bila mtu kukumbushwa. Mjane wa kule chini karibu na daraja hakuwahi kukosa kuni. Tulijua Mungu hali nyimbo. Ila kilikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo ulikuwa mimi.

Wako waliokuwa wanaogopa kutaja mzigo mbele ya wenzao. Hao waliniambia pembeni, mferejini au tukikata majani, nami siku ya Alhamisi nauchomeka katikati ya maombi bila kutaja jina. "Kuna mwenzetu, Bwana, wewe unamjua." Nikisema hivyo, macho yote yaliyofumbwa yanafumbuka jicho moja moja. Nasema, "Yule mwenye kijana aliyeko Arusha, Bwana, kijana ambaye chupa imemshika." Mtaa mzima una kijana mmoja tu aliyeko Arusha. Lakini mimi nilihesabu nimetunza siri, kwa sababu jina halikutoka mdomoni.

Sasa nieleze kidogo habari ya kahawa, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea.

Kwetu kahawa ni ya baba. Ndizi ni za mama, maziwa ni ya mama, maharage na magimbi ya mama. Lakini mti wa kahawa una mwenyewe, na mwenyewe amevaa suruali. Mwanamke anaipalilia kahawa, anaichuma, anaiosha, anaianika, kisha anaiaga. Miaka ile ninayoisimulia mambo yalikuwa yamebadilika. Dawa na mbolea tulizokuwa tunapewa na ushirika zilikoma, wakaja wanunuzi wa kila namna na magari yao, msimu mmoja bei ikapanda watu wakaimba, msimu uliofuata ikaanguka watu wakanyamaza. Wanaume wakaendelea kungoja. Kung'oa mbuni, yaani mti wa kahawa, lilikuwa kosa, unapelekwa kwa mtendaji. Kwa hiyo miti ilisimama pale imekonda, haizai na haifi, imekalia udongo mzuri, na wewe mama unatafuta mahali pa kupanda mchicha hupati.

Jirani yangu wa upande wa juu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mama wa watoto wanne. Wazazi wake ni Wachaga wenzetu, ila walishuka Mabogini zamani kulima mpunga, na yeye alikulia huko kwenye maji na matope. Alikuwa na mikono ya kuotesha. Akichomeka kijiti, kesho kina majani. Alikuwa mwanakikundi, na alinipenda, na mimi nilimpenda. Siku moja tulishuka pamoja kukata majani ya ng'ombe. Tumeinama, kila mtu na mundu wake, akaniambia bila kuinua kichwa:

"Mama, nina mzigo. Lakini si wa kutaja mbele za watu."

"Utaje, mwanangu."

"Ninaua kahawa."

Nikasimamisha mundu. "Unaiuaje?"

"Kwa maji ya maharage, nikiepua tu, yakiwa yanatokota. Na chumvi kidogo. Shina moja, nangoja wiki kadhaa, shina jingine. Ile iliyo karibu na jiko."

"Umeshaua mingapi?"

"Saba."

"Na mume wako?"

"Anasema ni ugonjwa. Juzi kamwita bwana shamba. Bwana shamba naye kasema ni ugonjwa." Akacheka, halafu kicheko kikamkatikia mdomoni. "Pale nimepanda figiri na nyanya, mama, watoto wanakula mboga kila siku. Lakini nikienda mezani kwa Bwana, mkate haushuki. Nilidhani wewe utanielewa."

"Kwa nini mimi?"

"Basi tu," akasema, akainama, akaendelea kukata.

Ile "basi tu" ilinichoma kama upupu. Tukafunga matita yetu. Kabla ya kujitwika akanishika mkono: "Usimwambie mtu, mama." Nikamjibu, "Mimi? Kwangu limefika kaburini."

Alhamisi iliyofuata zamu ilikuwa ya kwangu. Walikuja wote. Alikuwepo yeye, na alikuwepo wifi yake, dada mkubwa wa mume wake, aliyekuwa ameachika na kurudi kukaa kwenye kihamba cha baba yao. Wifi huyo ni mtu ambaye ukipiga chafya kwako, yeye kwake anajua umelala bila blanketi. Nilimwona amekaa pale. Nataka hilo lijulikane. Nilimwona kwa macho yangu, kisha nikayafumba macho hayo na kuanza kuomba.

Nikapeleka mzigo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaona maneno yananijia yamejaa. Nikasema, "Kuna mwenzetu, Bwana, wewe unamjua. Anaua mali ya mume wake. Anaiua kwa maji ya moto, Bwana, maji ya maharage! Mti uliopandwa na baba mkwe wake anaumwagia chumvi! Karibu na jiko, Bwana, saba tayari! Msamehe, Bwana, mkono wake uzuie!" Nililia machozi ya kweli. Nilipiga goti chini. Sijawahi kuomba kama siku ile, na sauti ilikwenda mpaka barabarani.

Niliposema amina, waliitikia wawili tu.

Nikafumbua macho. Jirani yangu alikuwa anaangalia mapaja yake. Wifi yake alikuwa anamwangalia yeye. Chai ikamiminwa, watu wakanywa kama wanakunywa dawa. Jirani yangu ndizi yake aliiacha nusu kwenye sahani. Alipokuwa anatoka alinipa mkono, akasema, "Asante kwa maombi, mama."

Kufika Jumapili hakuwepo. Wifi alishapeleka habari, na mume akachukua jembe akafukua shina moja lililokufa, akaonja udongo kwa ulimi. Akamwuliza mkewe. Mkewe hakukana. Akamwambia arudi kwao, watoto watabaki. Mke akashuka Mabogini asubuhi na mfuko mmoja wa nguo. Yule binti yao mdogo, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, alikaa kwenye ua wa masale, ile mimea tunayozungushia vihamba, siku mbili anaangalia njia. Mimi nikitoka kuteka maji ananiona, nami namwona.

Kila aliyeniuliza nilimjibu jambo moja: sikutaja jina. Mungu shahidi, sikutaja jina. Nilimwambia mwinjilisti, nikawaambia wenzangu mferejini. Mwisho nikamwambia yule wa miwani. Yeye alikuwa anapukuchua mahindi, hakuacha hata kupukuchua.

"Hukutaja jina," akasema. "Ulitaja jiko."

"Nilikuwa namwombea."

"Ulikuwa unamsema, ila umemgeuzia Mungu uso. Hebu nikuulize. Sisi tumekuzoea, tunajua unavyoomba. Siku ile ulikuwa unampigia nani kelele vile?"

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kigoda jikoni, mlango wazi, nikatazama pale nje mahali pa maharage yangu. Nilikuwa najua kabisa nilikuwa nampigia nani kelele.

Mume wangu alikuwa mtu mwema. Alikuwa na kahawa aliyoachiwa na baba yake, na aliipenda kuliko mtu anavyopaswa kuupenda mti. Miaka mingi kabla ya habari hii, tukiwa na watoto shuleni na ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye hana majani, mimi nilianza kumwaga maji ya moto. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nimeepua sufuria, nikatoka nje, nikaangalia kahawa, kahawa ikaniangalia, nikamwaga. Miti kumi na miwili, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka miwili. Mume wangu aliona inanyauka, akahangaika. Alinunua mrututu, ile dawa ya buluu, akaazima bomba la kupulizia, akapuliza. Alirudi ndani mikono imekuwa buluu mpaka kwenye viwiko, nami nikampa maji ya uvuguvugu anawe. Kutoka kwenye sufuria ile ile. Alikufa akijua ni ugonjwa. Hata siku ya maziko yake mzee mmoja alisimama akasema marehemu alipigania kahawa yake mpaka mwisho, watu wakatikisa vichwa, nami nikajifunika kanga usoni.

Nilikuwa sijamwambia mtu. Hata Mungu nilikuwa sijamwambia, najua anajua, lakini kumwambia ni kitu kingine. Alhamisi zote zile nilizobeba mizigo ya wenzangu, wa kwangu niliuficha chini ya yao. Na jirani yangu alikuwa ameona. Mtu wa mikono ya kuotesha, anayepita kwangu kila siku, aliangalia vile visiki vyangu akajua havikufa kwa ugonjwa. Ndiyo maana alisema nitamwelewa. Alikuwa amekuja kwangu kama mtu anayekwenda kwa mwenzake, nami nikaogopa mwenzake asije akaonekana, nikamtupa yeye mbele za watu.

Jumatatu nikaenda kwa mume wake. Nilikwenda na Biblia, nimevaa vizuri, nimejiandaa kama kiongozi. Alikuwa barazani ananoa panga. Ana hasira, lakini ni mtoto wa watu, alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Karibu. Ila kama umekuja kwa ajili ya yule mwanamke, tutakupa chai, unywe, uende."

Nikaanza habari ya msamaha. Nikaongea vizuri. Yeye akasikiliza, akaweka panga chini, akaniambia kwa upole, upole ulioniuma kuliko tusi:

"Mama, wewe unaweza kusema hivyo, lakini wewe mume wako alikufa anaililia kahawa yake. Ungemwona mtu anaimwagia chumvi ungesemaje? Wewe ndiye unajua jinsi inavyouma."

Hapo nikaiweka Biblia kwenye benchi.

"Ile ya mzee niliiua mimi," nikasema.

Hakuelewa. "Uliiua vipi?"

"Kwa maji ya moto. Kumi na miwili. Mke wako kafanya saba, mimi nilifanya kumi na miwili."

Akakaa chini. Ndani ya nyumba nikasikia wifi anasema, "Kumbe!"

"Lakini tulipiga mrututu," akasema.

"Mlipiga."

"Mimi mwenyewe nilimsaidia mzee. Bomba nilibeba mgongoni, Jumamosi mbili."

"Ulibeba."

"Na wewe ukatuletea uji."

"Niliwaletea. Ulikuwa wa ulezi."

Nilidhani atalainika, sitaki kudanganya. Nilidhani ukishasema ukweli wako mtu anakushika mkono na mambo yanakwisha. Hakulainika. Jicho lake lilikuwa jekundu.

"Mzee alijua?"

"Hakujua."

"Basi sikiliza, mama. Mke wangu ulimsema mbele ya watu kumi na wawili, sauti ikafika barabarani. Wewe ya kwako umekuja kuninong'oneza mimi, mtu mmoja, hapa barazani. Alhamisi utaisema? Kwa sauti ile ile?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Niliona uso wa kila mmoja wao. Nikaona uso wa kijana wangu mkubwa, ambaye mpaka leo picha ya baba yake ameitundika sebuleni kwake mjini Moshi.

"Nitasema," nikamwambia.

"Nitakuja kusikiliza."

Siku iliyofuata nikateremka mjini kumwambia kijana wangu, ili asilisikie sokoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, usiseme kanisani." Nikamwambia si kanisani, ni kwenye kikundi. Akasema, "Ni yale yale. Baba yuko kaburini hawezi kukujibu." Nikaondoka bila kula. Krismasi ya mwaka ule alipanda na mke wake na watoto kama kawaida ya watu wetu, lakini alilala kwa mdogo wake, na kwangu alikuja mara moja, akaketi ukingoni mwa kiti. Ilichukua muda. Mambo mengine ukiyatengeneza upande mmoja yanabomoka upande mwingine, na huwezi kusema Mungu amekudanganya, maana hakukuahidi.

Alhamisi tulikuwa kwa yule wa miwani. Mwanaume yule alikuja kweli, akasimama nje ya mlango, kofia mkononi, hakukubali kiti. Akina mama wakashangaa, wakajua kuna jambo. Tuliimba wimbo mmoja tu. Nikasimama. Sikufumba macho. Nilijua nikiyafumba maneno yatakuja mazuri, na sikutaka mazuri.

Nikasema: "Wiki ile niliomba habari ya mwenzetu. Aliniambia siri yake nami nikaimwaga hapa. Nilipaza sauti kwa sababu dhambi ile ni yangu. Kahawa ya mume wangu haikufa kwa ugonjwa. Niliiua kwa mikono hii, kumi na miwili, na nilimwacha anapuliza dawa bure mpaka amekufa. Ndiyo hiyo. Sina mzigo mwingine leo."

Nikakaa. Nilisikia kuku nje. Mwenye miwani akaivua miwani yake, akaifuta, akaivaa.

"Kumi na miwili?" akauliza.

"Kumi na miwili."

"Mh." Akatazama chini. "Mimi mitatu."

"Wewe?"

"Mitatu tu! Na mmoja ulikuwa unakufa wenyewe."

Kwenye kona mama mmoja mnene, mcha Mungu kuliko sisi wote, mtu ambaye hata kucheka hucheka kwa adabu, akajifunika mdomo. "Jamani," akasema, "mimi nilitumia magadi."

Tulijaribu kujizuia. Kweli tulijaribu. Wa kwanza kupasuka alikuwa wifi, wifi yule yule, akacheka mpaka akalia, na mimi sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua. Tulipogeuka mlangoni, mwanaume hakuwepo. Nilimwona anapanda njia taratibu kati ya migomba, anatazama kahawa za watu kushoto na kulia, kila mti uliokauka anausimamia kidogo, kama mtu aliyegundua leo amekuwa akiishi na ndugu asiowajua.

Asubuhi alikuja kwangu, amesimama uani.

"Mama, nakwenda kumchukua. Kwa wakwe huendi mikono mitupu. Dada yangu pombe yake inachacha kabla ya siku. Utapika wewe."

"Baba, mimi nimeokoka. Mbege niliiacha."

"Ulimtoa wewe. Utapika wewe."

Nikapika. Nilichemsha ndizi, nikaziacha zivunde, nikaotesha ulezi, nikasaga, nikachuja, yote kama mama yangu alivyonifundisha, na mikono haikuwa imesahau kitu. Mtaa wote ulisikia harufu. Wako waliosema kiongozi wa maombi amerudia pombe. Mwinjilisti alipita, akatazama pipa, akanitazama mimi, akasema, "Mama, ni ya nini?" Nikamwambia ni ya kumrudisha mwanakondoo. Akakohoa, akaenda zake. Alijua. Aliyaacha.

Tulishuka kwa gari la jirani mwingine, mume, mjomba wake mmoja, mimi na pipa. Mabogini kulikuwa kijani cha mpunga mpaka macho yanachoka. Tulimkuta yuko shambani anapandikiza, amefunga kitenge kiunoni, matope mpaka magotini. Alituona, akamaliza mstari wake kwanza. Mume wake alisimama kwenye tuta la mfereji akamngoja, na hakusema harakisha.

Wazee walikunywa, wakaonja, wakasema pombe ni nzuri, aliyepika ni nani. Sikuinua mkono. Mjomba alizungumza, baba wa jirani yangu akazungumza, mambo yakazunguka kama yanavyozunguka siku zote, utani kidogo, lawama kidogo. Kisha yule baba akamwambia binti yake, "Mwenzio amekuja. Unasemaje?"

Alikuwa amenawa miguu, amekaa karibu na mama yake. Akamwangalia mume wake.

"Mimi sikurudishwa huku na pombe, na sitarudi kwa pombe. Pale kwenye miti saba pawe pangu. Pajulikane ni pangu. Nipande ninachotaka, mchana, nikiwa nimesimama wima."

Mume akazungusha kofia mikononi. "Na iliyobaki?"

"Iliyobaki ni yako. Nitaipalilia kama nilivyoipalilia. Sitaigusa kwa ubaya. Kama huniamini, sema sasa nibaki."

Namjua mwanaume yule tangu anatambaa. Niliona anavyoiweka kofia chini.

"Pawe pako," akasema. "Na watoto wanakuuliza."

Hapo ndipo mkewe alipolia, na mama yake akamwacha alie. Alipojifuta uso akanigeukia mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka kama mgeni asiyealikwa.

"Na wewe, mama. Nimesikia ulichosema Alhamisi. Wifi alituma mtu."

"Ndiyo, mwanangu. Nisamehe."

"Usiniombee tena kwa sauti."

"Sitakuombea tena."

"Sikusema usiniombee," akasema. "Nimesema kwa sauti."

Nimekaa na maneno hayo miaka mingi. Kikundi tulikibadilisha baada ya hapo. Kila mtu alipeleka mzigo wake mwenyewe kwa kinywa chake, mfupi, hata ukiwa mbaya, na wengine walinyamaza. Sifa yetu ilishuka. Waliokuwa wanakuja kusikiliza sauti yangu waliacha kuja, wakapata kikundi kingine chenye kelele. Mimi nilijifunza kukaa kimya nimebana midomo mtu anapotaja shida yake vibaya, anapotafuta neno halipati, na mimi ninalo pale kwenye ulimi. Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa saumu kubwa kuliko ya chakula. Sikuwa najua kwamba unaweza kumbeba mtu mbele za Mungu bila yeye kusikia kishindo cha miguu yako.

Tulipokuwa tunaondoka Mabogini, mama yake alimfungia mchele kwenye mfuko, mzito, kamba yake imekatika. Gari lilikuwa limeshawashwa. Alimtazama mume wake, mikono yake imeshika lile pipa tupu. Akamtazama mjomba, mjomba amelewa. Akanitazama mimi, niliyekuwa nimeshakaa garini.

"Shika," akasema, akanitupia mfuko mapajani, akapanda, akakaa karibu nami.